Mgawa Mifuko

Jina lake la kwanza liliandikwa kwa herufi za ugenini,
zenye vitone juu, na sisi hatukuweza kulitamka.
Tulilipaka rangi mara mbili; jua la saa saba
likalirudisha tena, kama kovu chini ya poda.
Tukaiita Mwanamvua. Ikakubali.

Kazi yangu ilikuwa kugawa mifuko ya kutapikia.
Miaka kumi na mmoja, Dar na Unguja, kwenda na kurudi.
Nilimjua mtu kabla hajajijua:
anayecheka sana tungali ndani ya bandari,
Magogoni bado inanukia samaki wa kukaanga,
huyo, tukishavuka mlango, ndiye wa kwanza.
Nimeshika mapaji ya mahakimu.
Nimemshikia bibi harusi shela.

Chini, Fundi Shaibu aliuma bisibisi,
ncha kwenye chuma, akasikiliza kwa taya.
"Ya kushoto inakohoa."
Ofisini wakamwambia asubiri bajeti.
Ikakohoa miaka mitatu.

Kisha zikaja mpya, za televisheni na ubaridi wa kutetemesha,
nasi tukaachiwa magodoro, magunia ya viazi,
na maiti wanaorudishwa kwao,
ambao hawahitaji mfuko.

Kurasini ilifungwa kamba masika mawili.
Kunguru wakataga kwenye rada.
Siku ya kukatwa nilikwenda, sijui kwa nini.
Alumini haitoi cheche, inalia tu,
na kilo zake ziliandikwa kwa chaki ubavuni,
juu ya lile jina lenye vitone.

Gerezani wakaiyeyusha, wakamimina masufuria.
Ninalo moja, namba nane. Wali hauungui.
Vioo vipo Chanika, kwenye banda la kuku:
vifaranga wamepanga midomo dirishani
wakitazama nchi kavu isiyosogea.

Na viti, vinne vya daraja la kwanza,
viko Mbagala, saluni kwa Saluma.
Jumamosi nilikalia namba 114, kichwa kimejaa dawa.
Pembeni, binti wa watu, kesho anaolewa,
alikuwa anacheka, anacheka sana,
anaonesha simu, anacheka.
Mkono wangu ukashuka wenyewe chini ya kiti,
ukapapasa.