Herufi ya Mwisho

Bwana Glebu aliniletea taipureta yake dukani, Makadara,
imefungwa shuka kama mgonjwa.
Mkono mmoja hauna herufi.
"Waliokuja kupekua nyumba waliing'oa kwa koleo," alisema.
"Ndiyo ya mwisho kwenye alfabeti yetu,
na peke yake ni neno zima: mimi."

Miaka tisa kaandika bila mimi.
Riwaya mbili, barua kwa mkewe,
na penye neno hilo, pengo
la kujazwa kwa kalamu.
Kwao walimnakili usiku, kwa kaboni, milango imekomewa;
hapa yuwafunza hesabu watoto wa Tudor
na jasho lamdondokea kurasani.

Nikachonga shaba siku mbili.
Kwenye chuma ilikuwa R tu, R yetu ya kila siku;
karatasini ikatoka imegeuka,
imetupa kisogo.

Akaigonga mara moja. Akangoja.
Kisha tena, tena,
mimi mimi mimi mimi
hata kengele ikalia
na muuza viazi karai akachungulia.

Nilimtajia mia tatu.
Akalipa, hakuomba nimpunguzie.
Karatasi aliisahau. Nimefungia skrubu.