Safu ya Mapema

Chumba changu kiko Ganjoni, ghorofa ya pili,
juu ya duka la betri za magari.
Ukutani nimebandika trei za mayai, mia na kumi,
kuzuia honi za tuktuk. Hazizuiliki.
Kwa hivyo hungoja. Honi ipite, adhana ipite,
jenereta la kinyozi likohoe, linyamaze,
ndipo nibonyeze swichi, na sikioni mwa mtu
uingie mlio mwembamba kama sindano ya cherehani.

Kazi yake yeye ni moja: asikie, abonyeze.
Mashine inahesabu kilicho katikati.

Wamepita wengi hapa. Walinzi wa benki.
Kipa mmoja wa Changamwe, majigambo tele,
akapata milisekunde mia mbili na arubaini.
Binti wa muuza halua, mia moja na arubaini na nane,
akacheka, akasema ni malezi ya babake:
"Kwetu ukiitwa mara ya pili umeshachelewa."

Nyawa alikuja Jumatatu, bila barua ya kampuni.
Dereva wa winchi Kilindini, miaka kumi na tisa huko juu,
kofia ya njano kaipakata kama mtoto aliyelala.
"Nipime," akasema. "Nataka namba."
Sikumuuliza ya nini. Mji wetu mdogo.
Nilishasikia habari ya kontena, na ya kijana Mwamuye
aliyekuwa chini akifungua minyororo
na akapiga ukelele mmoja.

Nikamvika hedifoni.
Mara ya kwanza alibonyeza kabla ya mlio.
Mashine ikaandika: mapema. Haihesabiki.
Nikamweleza, ngoja usikie. Akaitikia kwa kichwa.
Mara ya pili, mapema. Ya tatu, mapema.
Kidole kilikuwa kinakirukia kimya chenyewe,
kama mtu afunguaye mlango
mgeni hajafika hata mtaani.

"Nyawa, hujasikia kitu bado."
"Najua," akasema.

Tukanywa maji. Feni ikazunguka.
Kisha akafumba macho, akasikiliza kweli,
na mara thelathini mfululizo mkono ulitii:
mia moja na themanini na sita, wastani.
Mkono mzuri. Nilimwambia hivyo.

Hakuinuka. "Na sauti yenyewe," akauliza,
"kutoka chini hadi kibandani kwangu, hupanda kwa muda gani?"
Hilo halimo kwenye fomu.
Nikaigeuza, nikaandika nyuma kwa penseli:
mita arubaini na mbili. Upepo tukauacha.
Mia moja na ishirini na mbili,
ukelele ungali njiani, haujawa wa mtu.
Jumlisha. Mia tatu na nane.
Kufumba na kufumbua, tunasema kila siku,
tukidhani ni maneno tu.

"Na kontena likishaponyoka breki,
ndani ya muda huo linashuka kiasi gani?"
Nilijua. Karibu nusu mita.
Nilichelewa kujibu, na hakuna mashine iliyonipima.

Akaomba karatasi. "Yote," akasema, "na zile za mapema pia."
Nikamwandikia chini kabisa: mapema, kumi na moja.
"Nampelekea mamake, Magongo. Kusoma hajui,
lakini hesabu anaijua, anauza makaa kwa debe."
Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kofia.

Ngazini nikavisikia viatu vyake vya ncha za chuma
vikishuka, kidato kwa kidato.
Tuktuk ikapiga honi mlangoni,
viatu vikasimama.
Nikangoja viendelee.