Padi Namba Tatu

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
mechi shilingi mia tatu,
feni moja, televisheni nne.

Semkiwa aliingia Jumamosi, mkono wa kulia mfukoni.
Akalipia saa nzima, hakucheza.
Dakika ishirini yuko kwenye setingi tu.
Watoto wakaguna: "Huyu kaja kusoma?"

Kitufe cha kufyatua akakihamishia kushoto.
Cha kuruka akakibandika mahali pa kuchutama.
Cha kuchutama akakifuta kabisa.
"Mimi sichutami tena."
Kasi ya kugeuka akaishusha, tisa, sita,
nne, tano, nne,
kama mpishi na chumvi.

Ndipo akautoa mkono.
Gumba na kidole cha mwisho.
Vingine vilibaki Muheza, kwenye korona ya mkonge.
"Ile haina pa kubadili vitufe," alisema,
macho kwenye kioo.

Akaua kumi na saba.
Akafa mara mbili.
Akaiweka padi chini taratibu, akaaga.

Jumatatu Zuheri kanijia, mashavu yamevimba:
"Dada Mwanamkuu, namba tatu mbovu!
Kila nikichutama, naruka!"

Nikamwambia si mbovu.
Chukua namba nne.