Globu Tatu za Sitini

Shemndolwa, fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Mbili,
alinifungia mkono wa pedeli wenye kipimo tumboni,
akafuta grisi kwenye suruali, akasema:
"Kuanzia leo, Mwanasiti, baiskeli itakusema."

Wati nazijua. Nauza Luku Makorora,
kutwa nawasomea tarakimu ishirini watu wenye giza.
Ila hakuna aliyewahi kuniuliza
miguu yangu ni ya wati ngapi.

Jumapili, alfajiri, Kange kwenda Pongwe.
Dakika ishirini, alisema, toa vyote,
lakini usivitoe mwanzoni.
Nikavitoa mwanzoni.
Mia mbili na sitini! Nikajiona treni ya mizigo.
Dakika ya saba mapaja yakawa uji.
Ya kumi na tatu nikamlaani Shemndolwa
na fundi aliyemfundisha ufundi.
Ya kumi na tisa sikuwa na jina.

Mia themanini na saba.
"Kata tano katika kila mia," akasema, hana huruma,
"kwa saa nzima usingeweza hivyo."
Mia sabini na nane, basi.
Globu tatu za sitini, ya tatu inawaka kwa kununa.
Nikapiga hesabu ya dukani:
saa nzima ya jasho langu haifiki robo ya yuniti.
Nilicheka mpaka nikakaa chini, kandokando ya mkonge.

Kisha ikaja kazi ngumu: kwenda polepole.
Mia moja na kumi, isizidi, wiki sita.
Muuza mikate akanipita.
Wanafunzi wawili waliopakizana wakanipita: "Mama, sukuma!"
Mzee mwenye gunia la mkaa akanipita,
akageuka kunipa pole.
Nami namba yangu nimeificha kama mimba changa.

Nikirudi, upepo wa baharini uko usoni.
Mwendo unaanguka, kumi na nane, kumi na tano;
zamani ningesema nimezeeka.
Sasa nachungulia: mia moja na kumi.
Upepo umekula mwendo,
miguu haukuigusa.

Jana nilirudia kipimo. Safari hii nilianza kwa adabu.
Baada ya kukata: mia themanini na mbili.
Nne tu. Wiki sita, wati nne.

Usiku jirani akagonga dirisha:
"Mwanasiti, nikopeshe yuniti mbili, wanangu wako gizani."
Nikamwambia leo nimepata wati nne, mpya kabisa,
ila haziingii kwenye mita.
Nikafungua duka.