Baada ya Tatu

Pazia la studio yangu lina maporomoko ya maji,
rangi imebanduka pale povu linapoangukia.
Hapa Newala, ambako mwezi wa kumi
ndoo moja ya maji hujadiliwa bei kama mbuzi,
watu hupenda kusimama mbele yake.
"Nitoe niko karibu na maji," husema,
na uso unakauka papo hapo.

Siku ile hawakuja wateja. Walikuja rafiki zangu:
Somoe, Nangomwa, Ausi fundi baiskeli,
na Asumini, aliyebangua korosho tangu alfajiri,
mafuta ya ganda yamemla ncha za vidole.
Malipo ya pili yalikuwa yameingia.
Mashati bado yana mikunjo ya dukani.

Nikasema: chekeni.
Kosa la kwanza, na miaka kumi na minne nashika kamera!
Mwambie mtu acheke, utapata meno.
Meno si kicheko, kama mwiko usivyo ugali.
Walisimama mikono imenyooka, shingo zimekaza,
kama wanapigwa ya kitambulisho,
kama karani anawauliza jina la babu wa upande wa mama.
Ausi alibana pumzi.
Nangomwa alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo,
macho yako shambani bado, yanahesabu mikorosho.

Nikajaribu utani. "Semeni: uraka!"
Wakasema "uraka" kwa unyenyekevu, kama wanaapa mahakamani.

Moja, mbili, tatu.
Nikatazama kioo kidogo:
watu wanne ninaowajua tangu tukichimba ming'oko porini,
na hata mmoja hakuwamo.

Basi nikatumia hila ya kazi yangu,
ambayo huwa siisemi.
Nikashusha kamera hadi kifuani,
nikagonga kifuniko kwa kucha, tak,
nikasema: "Haya, nimemaliza."

Mngeona mabega yalivyoshuka!
Pumzi ya Ausi ikatoka na mluzi.
Somoe akavua kiatu cha kuazima, akageuka nyuma:
"Maji yote haya, na mimi sijanawa uso tangu jana!"
Na Asumini,
Asumini anayeziba mdomo kwa kiganja
tangu jino la mbele liende na mimba ya pili,
aliusahau mkono wake.
Ukabaki hewani, nusu ya safari,
kama mtu aliyeinuka kufunga dirisha akasikia anaitwa.
Kicheko kikaupita.
Kilianzia machoni, kikafinya ngozi, kikashuka
hadi kwenye pengo lile,
nalo likakaa pale, dogo, jeusi, halina haya.

Kidole changu kilibofya kabla sijakituma.

Nikawaonyesha. Ausi akajipiga paja.
Nangomwa akasema, "Ndiye! Huyu sasa ndiye."
Asumini akaitazama muda mrefu,
akairudisha kamera kama anayerudisha chenji iliyozidi.
"Futa."
"Lakini, Asumini..."
"Futa. Ile ya kwanza ndiyo ukaisafishe, iwe ya ukutani."

Maneno ya kumshinda ninayo. Ndiyo biashara.
Ila kicheko kile nilikichukua mlango ukiwa wazi,
na sasa mwenye nyumba amerudi.
Mashine ikauliza: una hakika?
Sina. Nikabofya ndiyo.

Ile ya kwanza iko sebuleni kwake, fremu ya dhahabu,
watu wanne wamekauka mbele ya maji mengi.
Kila nikienda, naitazama kwa adabu.
Yeye ananimiminia chai, anauliza,
"Nilitoka vizuri, sivyo?"
"Vizuri sana," nasema.
Hapo ndipo anacheka,
maana anajua ninachokitafuta,
na mkono umeshika birika, hauwezi kufika mdomoni.