Mikono Mfukoni

Kilomita ya ishirini na saba kutoka Tabora,
njia ya Usoke, asubuhi ya Julai yenye baridi ya kukata masikio,
nyapara Kalunde alinikabidhi nyundo
kisha akatia mikono yake mfukoni.

"Gonga."
Nikagonga.
"Imesema nini?"
Reli ni chuma, mama. Chuma kitasema nini?
Genge zima lilicheka,
Luhende akacheka mpaka akapaliwa na tobolwa.
Kalunde hakucheka. Alisubiri.
Jua likapanda juu ya mininga,
naye bado amesimama pale
kana kwamba shirika lilimwajiri kwa kazi moja tu:
kunisubiri mimi.

Nikagonga tena, na tena.
Bolti iliyokaza hulia, sauti ikaenda mbali na kurudi.
Iliyolegea hujibu kwa kikohozi,
kama mtu aliyedaiwa mbele ya wakwe zake.
"Hii," nikasema, "hii ni mgonjwa."
Akatoa mkono mmoja, akanipa spana.
Basi. Hata hongera hakuna.
Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Kabla yake nilikuwa karakana, chini ya fundi hodari.
Hodari kweli, simsingizii.
"Lete hapa!" – na kila chombo kikarudi mkononi mwake.
Miaka mitatu nilimshikia taa.
Alipostaafu tulimpikia pilau,
Jumatatu tukasimama mbele ya mashine
kama kuku aliyekatwa kamba miguuni
na bado amelala pale pale alipofungwa.

Lakini nisimpake Kalunde asali.
Alikuwa mkali. Jina la mwanangu hakuwahi kulikumbuka.
Luhende alipokuja ananuka wanzuki
alimrudisha nyumbani bila salamu, bila posho.

Masika yale mtoto wangu alilazwa Kitete.
Nilitembea juu ya mataruma, masikio yakiwa wodini.
Bolti mbili zilikohoa, sikuzisikia.
Dereva wa mizigo alihisi behewa likiyumba,
akapunguza mwendo, akaripoti.
Hakuna aliyeumia. Ila mhandisi alikuja na kitoroli
na daftari lake la makosa.
"Nani alikagua hapa?"
Nikafungua kinywa.
"Genge ni langu," alisema Kalunde,
akaandika jina lake kwa herufi kubwa,
akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.
Robo ya mshahara wake ikaenda.

Tulirudi kambini kimya.
Nikafunga nguo zangu kwenye shuka,
nikijua narudi Urambo, kwenye tumbaku ya baba.

Asubuhi, kilomita ile ile,
akaninyooshea nyundo.
"Gonga."
Nilitafuta lawama usoni mwake.
Niliona tongotongo tu,
na uso wa mtu anayetaka kazi iishe mapema.
Nikagonga huku mkono unatetemeka.
Siku ile nilisikia hata siafu wakipita chini ya kokoto.

Sasa yeye yuko njia ya Mpanda, na genge ni langu.
Nina kijana, Nkwabi, miaka kumi na tisa,
anashika nyundo kama anashika mwiko.
Jana aligonga bolti moja mara nne.
Mimi niliisikia tangu ya kwanza.
Kiganja kikaniwasha.
Maneno yakafika kwenye meno: *lete hapa.*
Na mizigo ya Kigoma ilikuwa imeshatoka Kaliua,
na wenzake walikuwa wameanza kucheka.

Miaka yote nilidhani alikuwa anakwepa baridi.

Nikatia mikono mfukoni.
Ndani nikakuta kipande cha tobolwa, kikavu kama kokoto,
nikakisagasaga kwa vidole mpaka kikawa unga,
huku Nkwabi akipiga goti, akiinamisha sikio,
akigonga mara ya tano.

"Imesema nini?" nikamuuliza.
Nikanyamaza.