Usifute

Waliingilia darini.
Bati walilikunja taratibu, kama mtu anayefungua bahasha
asitake kuichana.
Kioo wakakiacha. Kipanya wakakiacha,
mkia wake unaning'inia mezani, hauna pa kuchomeka.
Walichukua lile kasha tu,
na pale lilipokuwa pakabaki mstatili msafi
katikati ya vumbi la Buguruni.

Afande aliandika polepole.
"Thamani?"
Nikasema laki tatu na nusu.
Akanipa namba ya kesi, nikaifunga kwenye pindo la kanga.
Sikumwambia kwamba mle ndani mlikuwa na
wasia wa mzee Kilumbe, kurasa mbili, bado saini;
utafiti wa Atupakisye wa chuo, sura ya nne;
picha za pasipoti za mtaa mzima, masikio yote mawili yakionekana;
na marehemu Shomvi, anacheka,
picha pekee ambayo mkewe alisema imemtoa vizuri.
Ningeyaandika wapi hayo?
Fomu ilikuwa na mstari mmoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema.
Mimi daftari lenyewe ndilo lililoibwa.

Alhamisi mke wa Shomvi akaja, pesa mkononi,
anataka ile picha, kubwa, ya arobaini.
Nikamwambia umeme hakuna.
Feni inazunguka juu ya vichwa vyetu.
Akaitazama. Akanitazama.
Akasema, haya mwanangu, nitarudi.

Basi nikajifunza woga wenye mpangilio.
Fundi Ngonyani alichomelea nondo chini ya bati.
Mnyororo wa pikipiki nimeupitisha nyuma ya kasha,
ukazunguka mguu wa meza, na meza nimeipigilia sakafuni.
Namba ya mashine nimeichora ubavuni kwa msumari.
Neno la siri si jina la mwanangu tena, wala moja mbili tatu nne;
ni tusi la bibi yangu, pamoja na mwaka alioghadhibika.
Kila Ijumaa nanakili kazi zote mara mbili:
flashi moja inalala kwenye kopo la majani ya chai,
nyingine inakwenda Mbagala kwa dada
ndani ya soksi ya mpwa wangu,
naye hajui kwamba amebeba mtaa.

Ila sijasema kompyuta hii niliitoa wapi.

Kariakoo, ghorofa ya pili, kwa kijana mwenye haraka.
Bei ilikuwa nzuri.
Nilipouliza risiti, akatazama ngazi.
Na mimi nikatazama ngazi.
Nikalipa.

Nilipoiwasha, alikuwapo mtoto.
Amejaa kioo kizima, pengo mbele, sare ya shule,
amemshika kuku mbawa.
Na pembeni kabrasha moja, herufi kubwa:
USIFUTE.

Sijalifungua.
Uongo. Nimelifungua mara moja.
Hesabu za kikoba. Barua kwa mwenye nyumba.
Na sauti ya mzee, anakohoa,
anataja mpaka wa shamba: toka mkorosho uliochomwa
hadi kwenye mfereji, "na hapo Mkude asivuke."

Fundi aliniambia, futa yote, itakuwa nyepesi.
Nikasema kesho.
Huu ni mwezi wa tano.

Picha ya mtoto nimeichapa kwa rangi, wino wangu mwenyewe,
nikaibandika mlangoni: Anayemfahamu aulize ndani.
Watu wanadhani amepotea.
Mama mmoja alimsomea dua, akanunua kalamu, akaondoka.

Jioni nafunga. Kufuli la kwanza, la pili.
Mnyororo nauvuta mara mbili, kama anayejaribu jino.
Mwizi akija leo, sijui
nitapiga kelele kwa ajili ya mali ya nani.

Na mahali fulani mjini humu
Shomvi anacheka kwenye kioo cha mtu.
Fundi ameinama, kidole kiko juu ya kitufe,
anasema, hivi vya watu tunafuta?

Mwenyewe aseme kesho.
Ya Rabi, aseme kesho.